Tano Imelala Kwenye Trei

Tarehe 3 Machi

Shangazi yangu mpendwa,

Shikamoo, na nyingine ya akiba kwa siku nitakayosahau. Huku tuko salama. Goti la baba bado linatabiri mvua na bado linakosea. Mama anasema ulipopita mwaka jana uliacha kitambaa chako cha kichwa. Amekifua na sasa anakivaa yeye.

Nimepata kazi! Niko kwenye karakana ya vitu vya watoto vya mbao, nyuma ya duka la rangi. Tuko wanne: Tajiri mwenye karakana, Fundi anayekata, Bi Rangi anayepaka, na mimi ninayepiga msasa. Msasa ni kazi nzuri kwa mtu kama mimi. Mbao haikuulizi umeamkaje.

Ila kuna balaa. Mkaguzi wa shule za chekechea ameagiza masanduku ya vipande vya kujifunzia hesabu, mtoto aweze kupata kila namba kuanzia moja hadi hamsini. Fundi amekata. Lakini Fundi hatumii rula. Anasema rula ni ya watu wasioamini macho yao. Anaanza na kipande kidogo kama jino, hiyo ndiyo moja. Akilaza viwili vinavyolingana, kichwa kwa kichwa, anapimia kipande kipya. Akilaza vitatu, anapimia kingine. Mara mbili au mara tatu, hana njia nyingine. Kwa hiyo kuna moja, mbili, tatu, nne, sita, nane, tisa, kumi na mbili, na kuendelea hivyo mpaka arobaini na nane. Kila sanduku lina kimoja kimoja.

Jana Tajiri alifungua sanduku la kwanza.

"Fundi, tano iko wapi?"

"Haipo."

"Haipo imeenda wapi?"

"Haijaenda popote. Haijazaliwa."

"Na saba? Na kumi? Hao watoto wa kwenu wanaohesabu bila kumi wana vidole vingapi?"

Mbao zote zimeshakatwa, haikubaki hata ya kuchokonolea meno. Mkaguzi anakuja mwisho wa Mei. Akikataa mzigo, karakana inafungwa, Tajiri ametuambia wazi. Na mimi nitakwenda kwenye saluni ya wifi. Ameshanipangia kazi: nikae mlangoni, nitabasamu, nimkaribishe kila mteja. Shangazi, kila mteja!

Sasa sikiliza. Fundi ana sheria yake. Kipande hakilali trei moja na kingine kinachokipima kikamilifu, yaani kinachorudiwa-rudiwa mpaka kikafika urefu wake bila kuzidi wala kupungua. "Mzazi na mtoto mbalimbali," anasema, "la sivyo asubuhi sijui nani nilimpimia nani." Basi mbili inalala na tatu. Nne, sita na tisa trei moja. Moja, inayopima kila kitu, inalala peke yake dirishani kama mfalme. Jana nilikuwa nafuta vumbi, nikaisukuma mbili ikagusana na tatu, nikasimama na kitambaa mkononi. Tano anayoitafuta Tajiri imelala kwenye trei!

Nilitaka kumwambia. Nikafungua mdomo, vumbi likaingia, nikaufunga.

Shangazi, wewe ukitangaza treni hata waliokaa nyumbani kwao wanakimbia. Namba ya simu ya karakana nimeiandika nyuma ya bahasha. Mpigie Tajiri, umwambie wewe. Dakika moja tu. Nakuomba.

Mimi,
Konokono wako


Tarehe 30 Machi

Konokono wangu,

Marahaba, na ile ya akiba nimeifungia kabatini. Barua yako haikuchelewa, aliyechelewa ni mimi. Mwambie kaka yangu goti ni la kutembelea, mvua aitazame dirishani. Na mama yako nimemwona, mwizi wa vitambaa.

Hongera ya kazi! Nimecheka mpaka nikashika mbavu kwa hiyo tano ambayo haijazaliwa. Huyo Fundi ana mke?

Kuhusu simu, hapana. Na usiniulize kwa nini. Treni zina ratiba na mimi nina yangu.

Halafu hebu fikiri. Ukimpelekea Tajiri tano, atakuuliza kumi na tisa. Ukimpa kumi na tisa, atakuuliza thelathini na saba. Mtu hatembei na yai moja akitangaza kwamba anafuga kuku. Zote zinapatikana, mpaka hamsini? Umeangalia?

Mimi nimeangalia. Nimekata vijikaratasi nikavipanga kitandani. Ukichukua moja, mbili, nne, nane, kumi na sita na thelathini na mbili, unafika popote bila kurudia kipande. Kazi imekwisha! Lakini raha hakuna, maana hiyo tatu na tisa na ndugu zao Fundi kawakata wa nini? Kuwapamba sanduku? Na hao sita wote ni mzazi, mtoto, mjukuu na kitukuu, wamejazana chumba kimoja. Fundi wako angezimia.

Basi nakupa kazi. Pata kila namba kwa sheria ya Fundi. Hakuna kurudia kipande, na asiwepo anayempima mwenzake. Ukiweza hilo, Mkaguzi hatapewa sanduku lenye kasoro. Atapewa mchezo.

Usile vumbi.

Shangazi yako


Tarehe 8 Aprili

Shangazi,

Shikamoo! Sote wazima, baba kafungua mwavuli na jua linawaka, sina nafasi ya habari nyingine, nisamehe, nina mambo!

Saba ni tatu na nne. Kumi ni nne na sita. Kumi na moja ni mbili na tisa. Kumi na tatu ni nne na tisa. Na kumi na tisa, Shangazi, ni trei nzima: nne, sita na tisa, imekaa pale tangu nianze kazi na mimi naipiga kitambaa kama sahani tu. Wakati wa chakula siendi kula. Nakaa sakafuni napanga. Bi Rangi alinikuta.

"Wewe mtoto, unacheza?"

Nikatikisa kichwa.

"Unaomba?"

Nikatikisa tena.

"Basi ni mapenzi," akasema, akaniwekea mkate wake kwenye maranda.

Lakini ishirini na tatu imenishinda. Nikianza na kumi na nane, imebaki tano, na tano ni mbili na tatu, na wote wawili wanampima kumi na nane. Nikianza na kumi na sita, imebaki saba, nne anampima kumi na sita. Nikianza na kumi na mbili, huko ndiko kabisa, kila anayeingia ni mtoto wa nyumba. Nimepiga msasa kipande kimoja nikiwaza ishirini na tatu mpaka kikakaribia kuwa kijiti. Fundi alikinyanyua akakitazama kwenye mwanga. "Huyu ulimpiga msasa au ulimtafuna?"

Kama ishirini na tatu haiwezekani, mchezo umevunjika na sanduku ni bovu kweli.

Tajiri bado sijamwambia kitu. Kila akipita nainama. Naogopa Mkaguzi atafika nami nimeinama. Kama simu huiwezi, njoo mwenyewe siku hiyo. Usimame tu katikati ya karakana useme, mimi nitapanga vipande chini. Utakuja?

Konokono wako


Tarehe 15 Aprili

Konokono,

Marahaba. Unaona leo nimejibu upesi? Sikuweza kusubiri.

Wewe unapanga kama mgeni mlafi, unakimbilia nyama kubwa kwanza. Weka tisa. Sasa nane. Sasa sita. Hesabu.

Haya, kaa chini kwanza, unywe maji.

Nimeipata mchana, nimelala chali, vijikaratasi tumboni. Nilikuwa nimejaribu kila kitu kasoro akili. Nilipoiona niligonga ukuta kwa ngumi, jirani akaja kuuliza kama kuna moto.

Ila sijui kwa nini tisa. Nimeipata kama mtu anayeokota shilingi njiani. Hiyo "kwa nini" ni yako, ndiyo maana ulisomeshwa.

Kuja siwezi. Na hilo nalo usiniulize.

Salamu kwa kaka yangu. Na Fundi, hukunijibu: ana mke?

Shangazi yako


Tarehe 26 Aprili

Shangazi, Shangazi, Shangazi,

Shikamoo mara tatu, halafu mara mbili yake!

Nimeijua! Ni kwa namba zote, siyo mpaka hamsini tu! Hata zile ambazo hakuna mti wa kutosha kuzikata! Kaa chini na vijikaratasi vyako.

Namba ikiwa shufwa, ikate nusu. Jenga hiyo nusu, halafu kila kipande ukibadilishe na kile cha mara mbili yake. Kama hawakupimana walipokuwa wafupi, hawatapimana wakirefuka wote pamoja. Rahisi.

Namba ikiwa witiri, hapo ndipo tisa yako inapoingia. Kuna ukoo wa tatu peke yake: moja, tatu, tisa, ishirini na saba, na kuendelea. Hao wote ni witiri. Mchukue mkubwa wao anayeingia kwenye namba yako. Kinachobaki ni shufwa, kwa hiyo kikate nusu, ujenge, urefushe mara mbili kama mwanzo. Wote waliorefushwa sasa ni shufwa, na shufwa hawezi kumpima witiri. Upande huo tumefunga mlango.

Na yule wa ukoo wa tatu, je, hawezi kumpima mmoja wao? Hapa nilikwama siku nyingi. Halafu ikaja nikiwa nafagia! Ile nusu lazima iwe fupi kuliko yeye, maana ingemfikia, ningekuwa nimeshamchukua kaka yake mkubwa, aliye mara tatu yake. Basi vipande vyote vya kujengea nusu ni vifupi kuliko yeye, hawezi kupima hata kimoja. Ukivirefusha mara mbili bado hawezi, kwa sababu yeye ni witiri, hiyo mbili haimsaidii kitu. Milango yote imefungwa!

Ijaribu na arobaini na saba. Toa ishirini na saba, inabaki ishirini. Nusu kumi, nusu tano. Tano ni tatu na mbili. Rudi: kumi ni sita na nne, ishirini ni kumi na mbili na nane. Jibu ni ishirini na saba, kumi na mbili, na nane. Mtafute mzazi hapo, humpati!

Nilitaka kupiga kelele. Nikaingiza kichwa kwenye pipa la maranda nikapiga humo humo.

"Panya," nikamsikia Fundi.

"Panya gani anayesema 'imefungwaaa'?" akauliza Bi Rangi.

Nimewaonyesha wao wawili, kwa vipande, bila kusema neno. Fundi akaipapasa arobaini na saba kipande kwa kipande. "Kwa hiyo sheria yangu ina akili kuliko mimi," akasema. (Mke hana. Niliuliza kupitia Bi Rangi.) Wamemwambia Tajiri kwamba nina jambo. Tajiri amesema siku ya Mkaguzi atanipa nafasi niseme. Niseme, Shangazi!

Sasa na mimi nina jambo la kukuuliza, hata kama umesema nisiulize. Kaka yake wifi alipita stesheni yenu juma lililopita. Anasema treni zinatangazwa na mwanamume mwenye mafua. Na wewe una mchana wa kulala chali na vijikaratasi tumboni. Shangazi, uko wapi?

Konokono


Tarehe 12 Mei

Mwanangu,

Marahaba. Umenibana kama ulivyoibana arobaini na saba yako.

Niko chumbani kwangu. Stesheni sijakanyaga tangu Februari. Daktari alikuta vijinundu kwenye koo, pale sauti inapotoka, akanipasua, akaniambia nisiseme. Hata kunong'ona ni marufuku mpaka anitazame tena mwishoni mwa Juni. Kibao kinaning'inia shingoni kama mbuzi wa mnada, na chaki. Muuza mkaa anadhani mimi ni kiziwi, basi ananipigia makelele. Nami nimeandika kwa herufi kubwa MIMI SI KIZIWI, naye akayasoma kwa sauti kubwa zaidi.

Sikukuambia, kwa sababu kwako wewe mimi ni sauti. Sikutaka uwe unaandikiana na mtu mwingine. Wala sijui itakayorudi itakuwa ipi, kama itarudi. Hayo yametosha. Usinihurumie kwa barua, zinalowa.

Barua yako ya tarehe 26 nimeisoma nimekaa, kama ulivyosema, halafu nimeisoma nimesimama, halafu nikazunguka chumba. Nilipofika kwenye kaka mkubwa aliye mara tatu nilitaka kupiga vigelegele nikajiziba mdomo kwa mto. Unajua ni mateso gani hayo? Umenipa habari bora ya mwaka wakati sina pa kuitolea!

Kwa hiyo hakuna wa kukusemea, Konokono. Ukoo huu kwa sasa umebakiwa na sauti moja, nayo imekaa kwenye vumbi la mbao inaogopa kuchafuka. Itoe.

Shangazi yako


Tarehe 1 Juni

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Usiitikie, nimeisikia. Mama anarudisha kitambaa, kimo humu, anasema koo lipate joto. Baba anasema goti lake linakutabiria mazuri. Nimemwomba aliache lisitabiri.

Mkaguzi amekuja. Ni mama mfupi, miwani kwenye kamba, viatu vya mtu anayetembea sana. Hakukaa. Alifungua sanduku, akavipanga vipande kwa urefu, na kidole chake kikafika kwenye nne, kikaruka, kikatua kwenye sita.

"Tano?"

Tajiri akanitazama. Fundi akanitazama. Bi Rangi akanisukuma mgongoni kwa mpini wa brashi, nina alama ya bluu kwenye blauzi mpaka leo.

Nikapiga magoti nikagusisha mbili na tatu.

"Mm. Na kumi na tisa?"

Nikapanga.

"Ishirini na tatu?"

Shangazi, ilinibidi nijiume nisicheke! Tisa, nane, sita, tap, tap, tap. Tajiri akaanza kutabasamu. Mkaguzi akataja nyingine na nyingine, nami nikapanga, mpaka akavua miwani.

"Umezikariri," akasema. "Mwalimu wa chekechea hawezi kukariri majibu hamsini. Sanduku hili likivunjika kwenye namba moja tu, mtoto atalia na mwalimu ataniandikia mimi. Nitajuaje kwamba halivunjiki?"

Akamgeukia Tajiri. Tajiri akaanza kusifu rangi. Fundi akakohoa. Nilisubiri mtu amjibu. Lakini aliyelijua jibu nilikuwa mimi peke yangu, na Mkaguzi alikuwa ameshashika kifuniko cha sanduku.

"Halivunjiki," nikasema.

Ilitoka nyembamba, kama mlio wa bawaba kavu. Mkaguzi akageuka. "Umesema?"

"Nimesema halivunjiki, mama, kwa sababu ikiwa shufwa unaikata nusu..." na hapo, Shangazi, sijui nini kilifunguka. Nilisema! Nilisema ukoo wa tatu, nilisema kaka mkubwa, nilisema milango yote. Nilisimama bila kujua nimesimama. Nilichora kwa chaki ubaoni, ubao ukaisha, nikaendelea kwenye meza ya Tajiri. Mkaguzi akaniuliza swali moja gumu, kwa nini wanaorefushwa wote wasipimane, nikamjibu kabla hajamaliza, nikamkatiza mtu mzima! Nikamwomba radhi, nikaendelea. Nilipomaliza nilianza tena na namba nyingine, mpaka Tajiri akanivuta mkono.

"Mwache," Mkaguzi akasema. "Bado nataka kuona arobaini na tisa."

Ni ishirini na saba, kumi na nane, na nne. Aliipanga mwenyewe. Akaivunja, akaipanga tena, akacheka peke yake kama mtoto. Amechukua mzigo wote, na tutachapa sheria ya Fundi juu ya kifuniko. Fundi amejifanya hajali. Amefagia sehemu ileile asubuhi nzima. Wifi ameshatafuta mtu mwingine wa mlangoni, anasema nilikuwa sifai hata kabla sijaanza.

Alipokuwa anatoka, Mkaguzi alisimama kizingitini. "Walimu wangu wana mkutano mwezi ujao. Nataka uwaeleze kama ulivyonieleza. Ukumbini, mbele."

Bi Rangi akashika kifua kwa niaba yangu. Tajiri akaanza kusema kwamba huyu binti, unajua, ni mtu wa aibu.

"Watakuwa wangapi?" nikauliza.

"Themanini."

Themanini! Na woga nilianza kuusikia ukipanda kutoka magotini, taratibu, kama kawaida yake. Lakini kabla haujafika juu, nilikuwa nimeshaigawa: thelathini na mbili, na arobaini na nane. Hawapimani. Woga ulipofika ukakuta nimeshasema nitakuja.

Mpwa wako, ambaye koo linamuuma kwa kusema